Pilipili Usiyoila

1

Siku walipokuja kutukamata, mimi nilikuwa nakula chini na mbwa.

Si kwamba nawapenda mbwa, ilikuwa adhabu. Kanuni ya Ndugu wa Njia inasema ndugu akivunja ukimya wa chakula atavuliwa joho, atatolewa nje, atakula udongoni, na mbwa wakija kumsaidia haruhusiwi kuwafukuza. Padre Mwanzilishi hakuitunga yeye. Aliinakili kwa wapiganaji wa msalaba wa kale, wale watawa wa Ulaya waliovaa deraya za chuma na kulinda mahujaji kwa upanga, na aliinakili yote bila kuruka nukta. Ndiyo maana hata sisi, katika karne ya ishirini na mbili, tulikatazwa kuwinda mnyama yeyote ila simba. Simba wa mwisho wa nyanda zetu alikufa kabla babu yangu hajaota meno.

Na kosa lenyewe halikuwa langu. Siku hiyo ilikuwa zamu ya Elieneza kupika. Elieneza ni ndugu yangu wa kifundo, maana yake tunapanda pikipiki moja, tunakula bakuli moja, na nyuma ya sikio la kila mmoja wetu pamezikwa kifundo chenyewe, kidude cha ukubwa wa punje ya mtama. Vidude hivyo hutengenezwa viwili viwili, na kila kimoja kinamjua mwenzake tu. Havipitishi maneno wala picha. Vinapitisha maumivu, njaa, ladha, usingizi na woga. Akipigwa yeye, nusu ya pigo naibeba mimi, naye anabaki na nusu. Ukibonyeza nyuma ya sikio unafunga mlango wako, mwenzio hapati kitu kutoka kwako. Ukibonyeza tena unafungua. Wakati wa kula Kanuni inataka milango iwe wazi, ili kila mmoja ajue kama mwenzake ameshiba au anajinyima.

Sasa kwao Elieneza, Upareni, sufuria la makande hutiwa pilipili mbuzi moja, nzima nzima, na atakayeikuta kinywani ndiye atakayeosha vyombo. Desturi hiyo aliileta ngomeni bila kuomba ruhusa ya mtu. Akaikuta mwenyewe. Akaitafuna. Uso wake haukubadilika. Yule bwana angeweza kumeza kaa la moto akakuuliza habari za nyumbani. Mimi, kijiko mkononi, mdomo mtupu, nikaruka na kusema mbele ya ukumbi mzima ulionyamaza:

"Mama yangu, maji."

Watu husema pilipili usiyoila yakuwashiani. Waliosema hivyo hawakuvaa kifundo.

Basi, nikawa nje kwa zizi la mbuzi, bila joho, na mbwa watatu na sahani yangu, malori ya Gavana yalipoingia. Askari mmoja alinijia na bunduki.

"Wewe mchunga mbuzi, toa mbwa wako njiani."

Nikawafukuza mbwa. Hiyo ikawa mara yangu ya kwanza kuvunja Kanuni kwa amri ya serikali.

Niliona ndugu zangu wakitolewa wawili wawili, mikono kichwani. Elieneza alipita karibu yangu kama hanijui. Nilihisi pingu zikimbana, kwenye mikono yangu isiyo na pingu. Nikahisi woga wake unaanza, kama ubaridi chini ya kitovu, halafu ukakatika. Alikuwa amefunga mlango. Hiyo nayo ni Kanuni, na hii Padre hakuinakili popote, aliitunga mwenyewe: maumivu hugawanywa, woga haugawanywi. Ukiwa na woga, umeze kwanza, ndipo ufungue. Mlango ni mmoja. Huwezi kupitisha hiki ukabakisha kile.

2

Nilijificha mjini kwa dada yake Elieneza, Nakijwa, ambaye ni mshonaji, na ambaye hakunipenda tangu siku ya kwanza aliponiona nimebebwa na mdogo wake kwenye pikipiki.

"Nyie Wataita," aliniambia nilipobisha hodi, "hata kukamatwa mnachelewa."

Alinipa chumba cha nyuma, katikati ya majora ya vitambaa. Huko nilipata nafasi ya kufikiri tulikosea wapi, kazi ambayo ngomeni ilikuwa ya wakubwa.

Tulianza vizuri. Baada ya ukame mkubwa, njia ya mahujaji wa Pentekoste kwenda Kisima cha Ngurunga ilikuwa ya wanyang'anyi. Padre akakusanya vijana wachache na pikipiki chache kuliko vijana, ndiyo sababu muhuri wetu una watu wawili juu ya pikipiki moja. Wale wa kale walikuwa na wawili juu ya farasi mmoja. Watu wakatuita mshikaki mtakatifu. Kisha mhandisi mmoja aliyeokolewa njiani akatupa kifundo kama shukrani, na tangu hapo mlinzi wetu hakulala zamu, maana akisinzia huyu, yule anajifinya. Ukimvizia mmoja kichakani, mwenzake kilomita nzima nyuma ameshajua. Wanyang'anyi walihama wenyewe. Wengine waliomba kujiunga.

Ngome zikahitaji taa, tukaweka sola. Vifundo vikahitaji minara, tukajenga. Vijiji vikaja kuchaji betri, tukasema karibuni. Haukupita muda mrefu, Gavana akitaka kuwasha taa ya chooni kwake, umeme ulitoka kwetu. Mtu hawezi kukaa chooni kwake kwa hisani ya watawa. Itamuuma siku moja.

Mwalimu wa wanovisi, vijana wapya wa shirika, alitufundisha historia yote ya wale wa kale: walivyokuwa maskini, walivyopata sifa, walivyojenga ngome hadi wafalme wakawaonea kijicho. Tulipouliza waliishiaje, akasema kipindi kimekwisha. Nilikuja kuisoma sura ile kwenye chumba cha Nakijwa. Walikamatwa wote asubuhi moja, Ijumaa. Wakateswa, wakakiri mambo ya aibu. Aliyekiri akatubu alipona. Aliyekiri kisha akakana kwamba alisema kweli, alichomwa moto.

Gavana alikuwa ameisoma sura hiyo kabla yetu.

Shitaka letu lilikuwa kupanda woga. Eti tulikuwa na vifundo vya siri, tukiwapandia watu woga moyoni ili wakubali lolote, watoe mashamba, waje kuchaji kwetu. Hapakuwa na ukweli hata wa kujaza kijiko. Lakini vyumba vya mahojiano vilifunikwa wavu wa shaba ambao kifundo hakipenyi, na ndani ya wavu kila ndugu alikuwa mmoja, kitu ambacho hatukuwahi kufundishwa kuwa. Ndugu aliyezoea nusu ya maumivu akipewa yote kwa mara moja hana mazoezi nayo. Tulijiona hatushindiki kwa sababu tuko wawili wawili. Kumbe walichohitaji ni ukuta.

Nakijwa aliruhusiwa kumwona mdogo wake mara moja. Aliporudi alikaa kwenye cherehani yake bila kushona.

"Amekiri," alisema. "Yote. Walimchoma nyayo." Akavuta uzi kwenye sindano, akauacha. "Wakamuuliza mwenzake wa kifundo yuko wapi. Akasema umekufa."

Alikiri kila uongo waliotaka, na ukweli mmoja waliouhitaji akawanyima.

"Sasa nisikilize, Mghanga. Keshokutwa wanapelekwa ukumbini mbele ya watu, mmoja mmoja. Anaulizwa swali moja tu: unathibitisha ungamo lako? Akithibitisha, joho linachomwa, kifundo kinatolewa, anakuja nyumbani. Akikana, ni machimbo ya magadi mpaka afe."

"Basi atathibitisha. Nani anataka magadi?"

"Wewe unamjua Elieneza au umekula naye tu?" Alinitazama kama kitambaa kilichokatwa vibaya. "Alipofanya kichwa kigumu utotoni hata kiboko kilichoka. Ameniambia kwa macho. Atakana."

"Sasa mimi nifanye nini?"

"Ukumbi ule mapazia yake nimeshona mimi. Ukuta ni tofali tupu, wavu hamna. Utakaa na mimi. Akiulizwa swali, ufungue mlango wako." Akaniegemea. "Woga ulionao wewe unatosha kata nzima. Mpe. Mpe wote. Miguu itamlegea, atasema ndiyo, atakuja nyumbani."

"Dada, hilo ndilo shitaka lenyewe. Hilo ndilo wanalosema tulifanya, na hakuna ndugu aliyewahi kulifanya. Nitakuwa wa kwanza."

"Utakuwa wa kwanza, na mdogo wangu atakuwa hai."

"Akijua je?"

"Atakukasirikia. Hasira haijawahi kumzika mtu."

"Ni uamuzi wake, si wangu."

"Na mimi nani ameniuliza?" Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Mnasema mmegawana kila kitu. Bakuli moja, pikipiki moja. Leo mtu anakwenda kufa ndio unakumbuka kwamba ninyi ni wawili?"

Nina jibu la kila kitu, mtu yeyote aliyekula na mimi atakwambia. Kwa hilo nilimwambia tu kwamba nitakwenda naye ukumbini.

3

Askari wa mlangoni alitukagua kwa makini, akafungua hadi hotipoti ya makande aliyobeba Nakijwa. Kesi za siku nzima watu huenda na chakula.

"Huyu nani?"

"Mume wangu," alisema Nakijwa.

"Mbona hasemi?"

"Ungekuwa mume wangu na wewe usingesema."

Askari akatupisha upesi, kama mtu aliyeoa.

Tulikaa safu ya katikati. Jukwaani palikuwa na hakimu mzee, mwendesha mashitaka mwenye sauti nzuri, na pipa la chuma lenye moto wa kuchomea majoho. Wa kwanza kuitwa alikuwa Mkuu wa Ngome yetu, yule aliyenilisha na mbwa. Aliulizwa, akasema "Nathibitisha" kwa sauti ya mtu anayetaja jina la kijiji chake. Sikumcheka. Vidole vyake vyote vilikuwa kwenye bandeji. Joho lake likaingia pipani. Akafuata mwingine, akathibitisha. Na mwingine. Ndugu mmoja alikana, kijana mwembamba wa ngome ya kaskazini, akatolewa kwa mlango wa nyuma. Kifundo walimwachia, maana sheria mpya inasema mkanaji azikwe nacho kama alama ya hatia yake.

Kisha wakamwita Elieneza.

Aliletwa na askari wawili, akakataa kushikwa. Alitembea mwenyewe juu ya zile nyayo, polepole, kama mtu anayevuka mto wenye mawe. Kila hatua nilisubiri nusu yangu. Nilikaza meno kuipokea.

Haikuja.

Nikapapasa nyuma ya sikio, nikidhani kifundo changu kimekufa. Hakikufa. Mlango wake ndio ulikuwa umefungwa. Ukumbi hauna wavu, na kwa kubonyeza mara moja tu angenitwika nusu ya miguu ile, akapumua. Kwa nini hafungui? Nikamtazama vizuri. Mashavu yake yalikuwa yanatetemeka kidogo pembeni mwa mdomo, mahali ambapo asiyekula naye hawezi kuona.

Alikuwa anaogopa. Na mlango ni mmoja. Angefungua kwa ajili ya maumivu, woga ungepita nao. Kwa hiyo alisimama pale na miguu yake yote, maumivu yote, peke yake, ili asinitwike mimi woga wake. Mimi ambaye hakuwa na hakika hata kama nimo ukumbini.

Nakijwa akanibana goti. "Sasa," alinong'ona.

Woga ulikuwepo tayari, sikuhitaji kuutafuta. Ulikuwa umejaa hadi kwenye ulimi, wa kwangu na wa Nakijwa, unamngoja yeye tu. Kidole changu kilikuwa nyuma ya sikio.

Mwendesha mashitaka alisoma ungamo. "Mshitakiwa anakiri kwamba yeye na mwenzake wa kifundo, marehemu Mghanga, walipanda woga katika mioyo ya raia..."

Ni jambo la ajabu kusikia unaitwa marehemu na huku goti linakuuma. Yule mtu pale juu aliniua kwa mdomo wake ili niishi, na amefunga mlango ili nisiogope. Mimi nimfungulie wangu nimmiminie hivi?

Nikatoa kidole sikioni. Nikafungua hotipoti.

"Mghanga," alisema Nakijwa bila kufungua meno, "huu ndio wakati wa kula?"

Nilipekua makande kwa kidole mpaka nikaipata. Nilijua imo. Nakijwa hawezi kupika bila kuitia, hata siku ya msiba. Nikaiweka mdomoni nzima na kikonyo chake, nikaitafuna.

Pilipili mbuzi haina adabu ya kusubiri zamu. Ilianza ulimini, ikapanda puani, ikashuka kifuani ikimsukuma kila iliyemkuta ndani, na woga ukawa miongoni mwa waliosukumwa. Kwa muda wa pumzi chache hapakuwa na nafasi mwilini mwangu ya kitu kingine chochote. Hapo nikabonyeza.

Jukwaani, Elieneza, mdomo mtupu, alishtuka kama aliyeitwa jina lake. Macho yakamjaa machozi. Akakohoa.

"Waheshimiwa," alisema mwendesha mashitaka akigeukia watu, "mnaiona toba."

"Mpeni maji," alisema hakimu.

Akaletewa kikombe. Alipokunywa, nikafunga mlango wangu kabla woga haujarudi, nikabaki nawaka.

Alirudisha kikombe akatazama ukumbini, safu kwa safu, bila haraka. Hakutafuta sura, alitazama mikono ya watu. Akaiona hotipoti. Pembe ya mdomo wake, ile iliyokuwa inatetemeka, ikapanda kidogo. Ndipo akafungua mlango wake, na nusu ya miguu yake ikanijia. Ningekuwa nimesimama ningeanguka. Nilishika kiti cha mbele. Lakini nilipotafuta woga ndani ya maumivu yale, sikuukuta. Alikuwa ameumeza kwanza, kama Kanuni isemavyo.

"Elieneza Mbwambo, unathibitisha ungamo lako?"

"Nakana, mheshimiwa."

Watu wakaguna. Hakimu akavua miwani.

"Kijana, ulisema mwenyewe. Ni sauti yako."

"Yale yalisemwa na nyayo zangu. Mimi sijawahi kumpandia mtu woga, wala sijapandiwa. Hata leo."

"Unajua maana ya kukana?"

"Najua. Magadi."

Nakijwa hakulia. Alifunika hotipoti, akaibana magotini kwa mikono miwili, akakaa hivyo mpaka walipomtoa mdogo wake kwa mlango wa nyuma.

Nje, kwenye jua, alisimama mbele yangu.

"Ulimtumia nini?"

"Pilipili."

"Na woga?"

"Huo niliula mwenyewe."

Nilidhani atanipiga, na ningeona ni haki. Akageuka akaondoka, nami nikamfuata nyuma, maana sikuwa na pa kwenda.

4

Hakunifukuza, na hakunisemesha. Aliniwekea sahani, akanipa vifungo nishone. Hivyo ndivyo shirika la Ndugu wa Njia lilivyoishia, kwa upande wangu: chumba cha nyuma, sindano, na mwanamke aliyeninyima hata salamu.

Majoho yalichomwa, ngome zikawa za jeshi, Kisima cha Ngurunga kikawekewa lango na mlinzi anayelala. Minara peke yake haikubomolewa. Askari nao wanataka kusikiliza mpira.

Kwa hiyo alasiri, machimboni wanapobadilisha zamu, miguu inanijia. Naweka sindano chini, nakaa, naibeba sehemu yangu. Jioni nafungua mlango wangu, nakula taratibu, ili na yeye apate ladha ya kitu kisicho magadi. Nusu ya bakuli naibakisha, ni mazoea. Nakijwa huniangalia nikitafuna. Nilianza kuona kwamba anapika vitu anavyopenda Elieneza: makande, kishumba cha Upareni, ndizi mbichi na maharage. Kwangu hakuuliza napenda nini.

Mara mbili tatu niliamka nikiwa na uhakika kwamba nilikosea. Kwamba angekuwa hapa, amenikasirikia, anapiga milango. Sikumwambia Nakijwa. Alikuwa anajua.

Mvua za vuli zilipoanza, tulikuwa tumemaliza kula, vyombo vichafu mezani katikati yetu. Mimi nilikuwa napiga miayo. Ghafla ulimi ukashika moto. Ukapanda puani, ukashuka kifuani. Machimboni pilipili wameitoa wapi, Mungu ndiye ajuaye. Pengine mlinzi ana bustani. Niliruka kwenye kiti.

"Mama yangu, maji."

Nakijwa aliangalia sufuria. Siku hiyo alikuwa amepika wali mtupu. Akaangalia mdomo wangu uliokuwa wazi, hauna kitu. Nikaona jambo linamfikia usoni, polepole, kama maji yanavyofika shambani kwa mfereji. Akachota kikombe akanipa. Akasubiri ninywe.

Halafu akakusanya sahani, yake na yangu, akaweka moja juu ya nyingine. Nilipoinuka kumsaidia, alinisukuma kwa kiwiko nikae.

"Acha," alisema. "Pilipili hukuikuta wewe. Leo vyombo ni vya kwetu."